Jumla ya stempu si ada ya ndege

Ada ya barua ya ndege ni malipo ambayo posta iliyadai ili barua ya uzito fulani itoke nchi fulani kwenda nyingine kwa ndege, kwa viwango vya siku ile. Basi. Mkusanyaji anayejumlisha stempu za bahasha ya zamani na kutangaza "ada ilikuwa shilingi 1 na peni 6" ametaja alicholipa mtumaji tu.

Neno lenyewe linatusuta. Ada tumelipata kwa Waarabu likiwa na maana ya mazoea, na bado tunasema "mila na ada". Likawa pia malipo yaliyokwisha kupangwa: ada ya shule, ada ya mganga. Mzazi akilipia watoto watatu, hakuna asemaye ada imepanda mara tatu. Ila mbele ya bahasha nene watu husema hivyo hivyo.

Chukua bahasha ya Januari 1940, Uingereza kwenda Nairobi, yenye stempu za shilingi 1 na peni 6. Tangu vita vilipoanza Septemba 1939, ada ilikuwa shilingi 1 na peni 3 kwa kila nusu aunsi, yaani gramu 14 na ushee. Zinabaki peni 3. Tafuta kibandiko cha R na mistari ya buluu iliyokatizana, alama za rejista, yaani barua iliyosajiliwa posta: rejista ilikuwa peni 3. Ukikuta shilingi 3 na peni 9 bila rejista, hizo ni nusu aunsi tatu. Usiipime bahasha leo ili kuhakikisha. Karatasi za ndani zilishatolewa zamani. Hesabu ikikataa kugawanyika, angalia kwanza kama kuna stempu iliyobanduka, au herufi T, alama ya malipo pungufu.

Kinachochanganya zaidi ni nyongeza ya ndege. Ufaransa na Ujerumani za miaka ya 1930 zilitoza ada ya kawaida, kisha nyongeza juu yake, kila moja na kipimo chake. Barua ya gramu 12 kwenda ng'ambo ililipa ada moja ya kawaida, kwa kuwa haikufika gramu 20, lakini nyongeza tatu, pale nyongeza ilipohesabiwa kila gramu 5. Ukigawanya jumla yote kwa namba moja utapotea.

Uingereza nayo, kuanzia mwisho wa Juni 1937 hadi vita, iliondoa nyongeza hiyo kwa barua za Afrika Mashariki: peni 1 na nusu kwa nusu aunsi, na barua ikapanda ndege bila hata kibandiko cha buluu cha barua ya ndege. Ndizo bahasha zinazouzwa zikiwa zimeandikwa kimakosa "kwa meli".

Kwa hiyo ile ya 1940 iandikie "imelipiwa 1/6: ada 1/3, rejista peni 3" (1/6 ni shilingi 1 na peni 6). Na hii ya peni 1 na nusu, futa tu neno "meli".