Je, wajua jinsi swichi isiyo na waya wala betri inavyotenganisha makundi ya taa?

Sebule nyingi zinazokarabatiwa hupata taa mpya kabla ya kupata swichi mpya. Dari la jipsamu huwekewa taa ndogo pembezoni, ukanda wa LED kwenye kingo na taa kubwa katikati, ilhali ukutani hubaki swichi ile ile moja iliyofungwa nyumba ilipojengwa. Ikibonyezwa, zote huwaka kwa pamoja. Mwenye nyumba akitaka kuzitenganisha, ushauri wa kwanza huwa ni kuchana ukuta, kuzika paipu, kupitisha waya wa kila kundi, kisha kupiga plasta na rangi upya.

Ushauri huo unatokana na imani iliyoenea sana, kwamba kundi la taa huundwa na waya unaoshuka ukutani, na kwamba swichi ndiyo inayoipa taa umeme. Sivyo. Katika nyumba ya kawaida, waya wa nyutro, yaani wa kurudisha umeme, huenda moja kwa moja kwenye taa na mara nyingi haufiki kabisa kwenye kisanduku cha swichi. Waya wa laivu, yaani wa kuleta umeme, ndio unaoteremka ukutani, ukapita kwenye swichi, kisha ukapanda tena hadi darini. Safari hiyo yote ya kushuka na kupanda ina sababu moja tu: mkono wa mtu haufiki darini. Kazi ya swichi ni kukata na kuunganisha laivu, na kazi hiyo inaweza kufanyika popote kwenye njia yake, hata sentimita chache kutoka kwenye holda ya balbu.

Ukishaliona hilo, ukuta unaacha kuwa kikwazo. Kila kundi hufungiwa kipokezi kidogo juu ya dari, ambako laivu na nyutro vipo tayari, na kipokezi hicho ndicho kinachokata na kuunganisha. Ukutani hubaki kazi ya kutoa amri peke yake, na amri inaweza kusafiri kwa mawimbi ya redio. Hapa ndipo swichi zisizo na betri zinapoingia. Ukiifungua moja, hukuti waya wa umeme wala mahali pa kuweka betri. Kuna sumaku ndogo, koili ya waya mwembamba na kipande cha saketi. Kidole kinapobonyeza, sumaku huruka ghafla kutoka upande mmoja hadi mwingine, na badiliko hilo la uga wa sumaku huzalisha umeme ndani ya koili, kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Kampuni ya EnOcean ya Ujerumani, iliyotoka katika kampuni ya Siemens mwaka 2001, ni miongoni mwa zilizoifanya mbinu hii kuwa bidhaa ya kawaida.

Umeme huo ni mdogo mno, takriban mikrojuli 200 kwa mbonyezo mmoja, yaani nguvu ya kuinua gramu 1 kwa sentimita 2 hivi. Balbu ya wati 9 ingeumaliza ndani ya mikrosekunde 22. Kwa hiyo dhana kwamba swichi hizi hurusha umeme hewani hadi kwenye taa haina msingi, kwa kuwa nguvu hiyo inatosha tu kutuma ujumbe mfupi wa redio, ambao hurudiwa mara chache ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. La kupendeza zaidi ni kwamba kidole kinapoachia, sumaku hurudi na kuzalisha umeme mwingine. Hivyo kipokezi hupata habari mbili, ya kubonyeza na ya kuachia, na kwa kupima muda kati yake kinaweza hata kupunguza mwanga taratibu.

Ujumbe huo hubeba namba ya utambulisho wa swichi na upande uliobonyezwa. Fikiria mwalimu wa zamu anayesimama mbele ya shule nzima na kuita, "Darasa la tano!" Sauti inamfikia kila mwanafunzi, lakini wanaoondoka ni wale tu wanaojijua kuwa wa darasa hilo. Mwalimu hakumfunga mtu kamba. Uanachama wa darasa umo vichwani mwa wanafunzi. Kadhalika, kipokezi huwekwa katika hali ya kujifunza, swichi hubonyezwa, na namba yake huhifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Kundi la taa basi ni orodha tu iliyomo kwenye kumbukumbu, na kulibadilisha hakuhitaji nyundo. Kipokezi kimoja kinaweza kutii swichi ya mlangoni na ya kando ya kochi.

Ipo tahadhari moja isiyofaa kupuuzwa. Swichi ya zamani ikiondolewa na nyaya zake kuunganishwa moja kwa moja, laivu hubaki darini wakati wote, hata taa ikiwa imezimwa. Anayebadilisha balbu lazima azime kwenye meinswichi, na kazi ya kufunga vipokezi ni ya fundi umeme mwenye leseni. Aidha, zege lenye nondo hudhoofisha mawimbi, na kiasi gani hutegemea jengo, kwa hiyo ni vyema kujaribu kabla ya kufunga dari. Masafa nayo hutofautiana: matoleo ya Ulaya ya EnOcean hutumia megahezi 868 na ya Amerika Kaskazini 902, na vifaa vya masafa tofauti havisikilizani.

Mwisho, nyingi ya swichi hizi hutuma bila kusubiri jibu, hivyo haziwezi kujua kama taa imesikia. Kitufe kimoja cha kugeuza hali, yaani kinachowasha taa iliyozimwa na kuzima iliyowaka, kinaweza kuacha taa moja imezimwa wakati wenzake wamewaka, na kila mbonyezo unaofuata ukaendeleza mvurugano huo. Ni afadhali upande wa juu uwe wa kuwasha na wa chini uwe wa kuzima, kwa sababu amri ya kuzima ikirudiwa, taa iliyokwisha kuzima haibadiliki, na ile iliyokosa ujumbe hupata nafasi nyingine ya kuusikia.