Pacha mzito wa omeprazoli: jinsi dawa ya asidi inavyopimwa kwenye damu

Omeprazoli, dawa inayopunguza asidi ya tumbo, haikawii kwenye damu. Kwa watu wengi kiasi chake hupungua nusu kila baada ya saa moja hivi, maana ini huivunja upesi. Wapo ambao kwa kurithi ini lao huivunja taratibu. Anayetaka kujua kama vidonge vya viwanda viwili vinafikisha dawa mwilini kwa kiasi kilekile hulazimika kupima nanogramu chache tu katika mililita.

Hapo ndipo penye kazi. Kila hatua ya kuichuja dawa kutoka kwenye damu hupoteza sehemu yake. Omeprazoli yenyewe huharibika ikikutana na asidi, ndiyo sababu vidonge vyake huvikwa ganda la kuikinga tumboni. Mafuta ya damu nayo huifanya mashine ya kupimia, inayotambua molekuli kwa uzito wake, isome pungufu, na upungufu huo haulingani kati ya sampuli na sampuli.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, tunatia kwenye sampuli kiasi kinachojulikana cha pacha wa dawa: omeprazoli ambayo atomu zake 3 za haidrojeni zimebadilishwa kuwa deuteri, haidrojeni yenye nyutroni moja ya ziada, iliyogunduliwa na Harold Urey mwaka 1931. Deuteri ni isotopu ya haidrojeni, yaani elementi ileile yenye uzito tofauti, na wengi wakisikia neno isotopu hushtuka wakidhani ni mionzi. Deuteri haitoi mionzi kabisa.

Linalompata mmoja humpata mwenzake, ila mashine huwatenganisha kwa uzito: 345 kwa 348. Tukitia nanogramu 100 za pacha, kisha dawa ikasomeka nusu yake, sampuli ilikuwa na nanogramu 50, hata kama robo tatu ya vyote viwili ilipotea njiani.

Kwa nini 3, si 1? Kaboni na salfa za kawaida zina atomu chache nzito kwa asili, hivyo pacha aliyezidi kwa 1 angechanganyika na dawa halisi. Tena deuteri lazima ikae kwenye kaboni. Ikishikana na oksijeni au naitrojeni, hubadilishana na haidrojeni ya maji, na alama hupotea.

Ninachokisisitiza zaidi ni usafi. Kila shehena ya pacha tunaitia kwanza kwenye damu isiyo na dawa. Omeprazoli ya kawaida ikijitokeza kwa kiasi cha kupotosha jibu, shehena hiyo hatuitumii.