Beberu hana homoni za siku zote: tunayoyaamini zizini na yaliyo kweli

"Beberu ni beberu tu, jana na leo yuleyule." Kauli hii nimeisikia minadani na mabombani kwa miaka, na makosa mengine mengi tunayoyafanya kwa madume wetu yanaanzia hapo.

Testosteroni, homoni ya udume, haitoki mfululizo. Ubongo hutoa amri, tezi ndogo iliyo chini yake hutoa homoni iitwayo LH kwa mikupuo, na kila mkupuo ukifika kwenye korodani testosteroni hupanda, kisha hushuka. Mlete jike aliye kwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa, na mikupuo hiyo huanza kufuatana upesi. Ndani ya saa chache testosteroni iko juu. Hili limepimwa kwenye damu ya kondoo na mbuzi, si hadithi ya wachungaji. Jike akiondolewa, hali hushuka tena.

Simama zizini jioni umtazame. Jike anakojoa, beberu anatia pua kwenye mkojo, anainua kichwa na kukunja mdomo wa juu hadi ufizi unaonekana. Watoto husema anacheka. Hacheki, anapima. Nyuma ya ule ufizi wa mbele, pale ambapo mbuzi hana meno ya juu, kuna vitundu viwili vidogo vinavyopeleka unyevu wa mkojo kwenye kiungo cha kunusia kilicho juu ya kaakaa. Hapo ndipo anapopata habari kwamba huyu yuko tayari au bado. Baada ya hapo utamsikia akikoroma, ataunyosha ulimi, atapiga hewa kwa mguu wa mbele, na atajikojolea ndevu na miguu.

Watu huona uvundo huo ni uchafu, wakachukua sabuni. Mwoshe ukipenda, lakini uvundo utarudi, kwa sababu unaletwa na testosteroni. Ndiyo maana mbuzi aliyehasiwa mapema kwa ajili ya ndafu hanuki hivyo. Na harufu hiyo ina kazi kubwa. Mwaka 2014 watafiti wa Japani waliotega kofia maalumu vichwani mwa mabeberu walipata kemikali moja, 4-ethyloctanal, inayoamsha sehemu ya ubongo wa jike inayoongoza uzazi. Basi habari inakwenda pande zote mbili: majike wanaziamsha homoni za dume, naye dume anaziamsha za kwao. Wafugaji wa kondoo Australia waliliona upande wa majike zamani, likaandikwa mwaka 1944: kondoo jike waliokuwa hawaonyeshi joto walianza kupandwa baada ya kuingiziwa dume. Beberu mlegevu aliyefungiwa peke yake kwa miezi hawezi kazi hiyo vizuri kama yule ambaye tayari ameamshwa na majike walio kwenye joto.

Ulaya mbuzi wengi husubiri siku zifupike ndipo wapandane. Kwetu karibu na ikweta urefu wa siku haubadiliki sana, kwa hiyo malisho na ukaribu wa majike hubeba uzito mkubwa zaidi.

Wengine husema, mtenge beberu ili asikonde. Wana sehemu ya ukweli. Dume mwenye majike wengi kwenye joto husahau kula, na mbavu huanza kuhesabika. Dawa yake ni kumlisha vizuri kabla ya kumwingiza kundini, na kumpumzisha baadaye.

Kuna dhana moja inayowagharimu watu pesa: akipanda kwa nguvu leo, basi mbegu zimezaliwa leo. Hapana. Hamu na homoni hubadilika siku ileile, ila mbegu huchukua takribani miezi miwili kutengenezwa na kukomaa. Beberu aliyeugua homa kali mwezi uliopita anaweza kuchangamka mno mbele ya majike na asitie mimba. Mkague korodani na afya yake miezi miwili kabla. Kinachoweza kubadilika siku ileile ni kiasi kinachotolewa. Mbegu za ng'ombe tunazopandikiza, zile za vituo kama Usa River karibu na Arusha au Kabete nchini Kenya, hukusanywa na watu wanaolijua jambo hili. Katika kazi hiyo fahali huachwa apande bila kumaliza, azuiliwe kidogo, apande tena. Mbegu anazotoa mwishowe huwa nyingi zaidi.

Tena usimuuze fahali au kondoo dume kwa sababu tu amelegea mbele ya jike mmoja aliyekwisha kupandwa naye mara kadhaa. Mbadilishie jike. Mara nyingi hamu hurudi papo hapo.

Na ule ukali? Fahali hatari zaidi si lazima awe yule aliye na majike. Aliyelelewa peke yake tangu ndama, akanyonyeshwa kwa chupa na kuchezewa kichwa na watoto, hukua akimhesabu mtu kuwa dume mwenzake. Huyo muogope.

Mwisho, ngozi. Wamasai humfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo ili asipande msimu usiofaa, na ni ufundi wa kuheshimiwa. Ila wako wanaoiga wakidhani ngozi inamtuliza. Ngozi inazuia mimba tu, pua iko wazi. Anaendelea kunusa na kunuka, na majike wanaendelea kuipata harufu yake. Kwa hiyo siku utakayoifungua atakuwa yu moto tayari. Rudi nyuma siku 150 hivi, muda wa mimba, kutoka majani mabichi unayoyatarajia, uifungue siku hiyo.