Je, wajua? Damu ya baba haimpi mtoto tabia ya baba

Huku Goma, mtoto akimpiga mwenzake kwenye foleni ya bidoni za maji, neno hutoka haraka: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Kwa mtoto ambaye mama yake alibakwa vitani, neno hilo huuma zaidi, maana huambiwa ana damu ya wauaji. Je, damu inabeba tabia?

Haibebi. Kinachorithiwa ni jeni, kama 20,000 hivi zinazotengeneza protini, nakala moja ya mama na moja ya baba. Kila jeni ni agizo la kutengeneza kitu: kipokezi fulani, yaani sehemu ya seli inayopokea ujumbe, kwenye ubongo, ama kimeng'enya fulani, protini inayoharakisha kazi za kemikali, kwenye ini. Hakuna jeni inayosema "ua" ama "iba". Hasira na upole huguswa na tofauti nyingi ndogo ndogo za DNA, ule uzi wa kemikali ulioandikwa jeni, kila moja ikisukuma kidogo tu, na mtoto hupata mchanganyiko ambao hata wazazi wake hawakuwa nao.

Urithi una nguvu, hilo halikataliwi. Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 2,748 za mapacha duniani, wakapata wastani wa urithi wa 49% kwa sifa zote zilizopimwa. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani nusu ya ukali wa mtoto huyu imetoka kwa baba yake. Hapana. Namba hiyo inaeleza tofauti kati ya watu wengi, haimgawanyi mtu mmoja. Watoto wote wa mtaa wakila sawa, wakisoma sawa na kulala kwa amani sawa, tofauti zitakazobaki zitatokana zaidi na jeni, na asilimia ya urithi itapanda bila jeni hata moja kubadilika.

Na mazingira huanza kazi kabla mtoto hajazaliwa. Utafiti mmoja uliofanyika hapa hapa Goma, kwenye hospitali ya HEAL Africa, ulichapishwa mwaka 2012. Ulihusu akina mama 25 na watoto wao wachanga. Mama aliulizwa kuhusu vita na taabu alizopitia, mtoto akapimwa uzito, na DNA ikachunguzwa kwenye jeni iitwayo NR3C1. Mama aliyeteseka zaidi, mtoto wake alikuwa na alama nyingi zaidi za methili kwenye jeni hiyo, na uzito wa kuzaliwa ulikuwa mdogo zaidi.

Methili ni kipande kidogo cha kemikali kinachonasa juu ya DNA. Herufi za jeni hazibadiliki, ila jeni husomwa kidogo. Sasa, NR3C1 hutengeneza kipokezi cha kotisoli, homoni ambayo tezi zilizo juu ya figo humwaga mtu anapoogopa. Kotisoli ikifika kwenye ubongo na kushika vipokezi vyake, ubongo huamuru tezi ziache. Ni breki. Vipokezi vikipungua breki hulegea, na mwili hukawia kutulia baada ya mshtuko. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuitwa mkorofi, kumbe mwili wake bado uko kwenye hatari iliyokwisha pita. Watoto 25 ni wachache, na kwenda pamoja kwa mambo mawili hakuthibitishi kwamba moja limeleta jingine. Lakini jaribio la panya lilifika mbali zaidi.

Mwaka 2004, kundi la Michael Meaney na Moshe Szyf wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, lilionyesha kwamba watoto wa panya wanaolambwa kidogo na mama yao katika wiki ya kwanza hupata methili nyingi kwenye jeni hiyo hiyo na hukua waoga. Wakabadilisha walezi: mtoto wa mama asiyelamba akapewa mama mlambaji. Alama zake zikawa kama za watoto wa mlezi, na utulivu vilevile. Damu haikubadilika, kilichobadilika ni mikono iliyomlea.

Binadamu si panya, lakini kumgusa mtoto mchanga kuna faida zake zilizothibitishwa, hasa aliyezaliwa chini ya gramu 2,500. Mvue, mwache na nepi, kofia na soksi. Mweke wima kati ya matiti, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura. Geuza kichwa upande mmoja, kidevu kisiinamie kifuani, maana kikiinama njia ya hewa hubanwa. Funga kitenge imara, ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake, kisha vaa shati juu, kwani Goma iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku ni baridi. Saa 8 kwa siku ndicho kiwango cha chini, zikifika 24 ni bora zaidi. Mama akichoka, baba, nyanya ama shangazi ampokee. Kifua chochote chenye joto na kisicho na ugonjwa kinafaa.