Kichwa si kamera

Husemwa tangu zamani kwamba kumbukumbu ni kamera: ukipita mahali, picha inanaswa na kuwekwa, kila kona kwa uzito uleule. Sivyo.

Chukua dereva wa bodaboda wa Kampala. Muulize palipo kibanda cha rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) pale Wandegeya anapokula kila usiku, atakuonyesha hadi upande ambao kikaango hukaa. Muulize rangi ya geti la jirani wa kibanda hicho, ingawa hulipita kila siku. Atacheka tu.

Ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu ya kumbukumbu iitwayo hipokampasi, moja kila upande. Mwaka 1971 mtafiti wa ubongo John O'Keefe na mwenzake walieleza seli zake ambazo huwaka, yaani hutuma ishara, panya anapofika mahali fulani. Kazi hiyo ilimpa O'Keefe Nobeli mwaka 2014. Wengi wakaishia hapo: basi, ni ramani. Lakini ramani hii ina upendeleo. Panya akizoea kupata chakula kwenye kona moja, seli nyingi zaidi huanza kuwaka karibu na kona hiyo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha kwamba panya wana hata kikundi kidogo cha seli zinazofuata zawadi yenyewe, yaani kile kitamu anachopewa panya: ikihamishwa, nazo zinahama nayo.

Halafu (mimi hili ndilo hunifurahisha) panya akitulia baada ya kula, seli zilezile hurudia njia aliyopita, kwa kasi kubwa, mara nyingine kinyumenyume, kuanzia kwenye chakula kurudi alikotoka. Zawadi ikiongezwa, marudio hayo ya kinyumenyume huongezeka.