Eti lazima azae mara moja kwanza?

Hii ya kwamba mbwa au paka jike lazima azae angalau mara moja ndo afungwe kizazi imezunguka miaka na miaka, na wanaoiamini wanampenda mnyama wao kweli, ila haina msingi. Kuzaa hakumtulizi wala hakumwongezei afya. Kinachojulikana ni kwamba kila akiingia joto, yaani kipindi anachotaka dume, homoni zinachochea matiti na hatari ya uvimbe inapanda, na kwa paka ni mbaya zaidi maana uvimbe wao wa matiti mara nyingi ni saratani kabisa. Halafu kuna usaha kwenye mfuko wa uzazi, huu unaua jamani, unakuja wiki chache baada ya joto, mnyama anakunywa maji kupita kawaida, chakula hagusi, ananyong'onyea tu, na kuwahi kuzaa sio kinga ya uhakika. Paka anaweza kushika mimba hata na miezi 4, kwa hiyo ukisema ngoja azae unamwongelea mtoto. Mbwa wa mbegu kubwa daktari anaweza kukwambia usubiri kidogo, lakini hapo anangoja mifupa na viungo vikomae, sio azae.