Besi kwenye shoo ndogo: yanayosemwa kuhusu amplifaya na spika, na ukweli wake

Mpiga besi anayetafuta chombo cha kupigia baani, kanisani au kwenye harusi ya watu mia mbili huanza na swali moja: ni cha wati ngapi? Swali hilo limewagharimu wengi. Kwenye shoo ndogo besi husikika au hupotea kwa sababu ya spika iliyochaguliwa, mahali ilipowekwa na jinsi ilivyounganishwa. Wati huja baada ya hayo. Haya ndiyo maneno yanayorudiwa sana madukani na kwenye mazoezi ya bendi, na ukweli wa kila moja.

"Wati zikiwa nyingi, sauti inakuwa kubwa"

Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sikio litatambua tofauti, lakini besi iliyokwisha kumezwa na ngoma haitaokoka kwa desibeli 3. Ili isikike kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Ndiyo maana anayetoka kwenye amplifaya ya wati 250 kwenda ya 500 mara nyingi hurudi nyumbani akishangaa pesa zake zimekwenda wapi.

Mwenye kauli ni spika. Tafuta kwenye karatasi yake namba ya unyeti, yaani desibeli inazotoa ikilishwa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1. Boksi la spika lenye unyeti wa desibeli 100 likipewa wati 100 linatoa sauti sawa na boksi la desibeli 94 lililopewa wati 400. Tofauti ya desibeli 6 ni wati mara nne, na wewe umeipata kwa kuchagua boksi tu. Ukiongeza boksi la pili linalofanana na la kwanza unapata kama desibeli 5 hadi 6 kwenye sauti za chini: koni zinasukuma hewa maradufu, na amplifaya ya transista inatoa nguvu zaidi kwa kuwa ukinzani umeshuka. Mwenye bajeti ya kitu kimoja, anunue boksi la pili kabla ya amplifaya kubwa zaidi.

Namba zenyewe nazo zisomwe kwa makini. Maandishi ya PMPO, yale ya wati elfu kadhaa yanayobandikwa kwenye sabufa za nyumbani, hayana kipimo kinachokubalika, yaruke. Wati za kuaminika ni za RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo, zenye omu (kipimo cha ukinzani wa spika) mbele yake, kwa mfano "wati 500 kwa omu 4". Amplifaya hiyo hiyo kwenye boksi moja la omu 8 inatoa kama wati 250 hadi 300. Aliyenunua ya wati 500 akaifunga kwenye boksi moja la omu 8 hana wati 500.

Kwa kuanzia: bila ngoma, amplifaya yenye spika ndani, inchi 12 moja, wati 100 hadi 200, inatosha. Kukiwa na mpiga ngoma anayepiga kwa nguvu na besi haipiti kwenye mikisa, chukua kichwa, yaani amplifaya isiyo na spika ndani, cha wati 300 hadi 500 kwa omu 4 na maboksi mawili ya inchi 12 ya omu 8 kila moja. Vichwa vya kisasa vya daraja D (aina ya amplifaya isiyopoteza nguvu nyingi kwa joto) vyenye nguvu hiyo vina uzito wa kilo 2 au 3, hata bodaboda inabeba. Kama besi inaingia kwenye mikisa na kutoka kwenye spika za ukumbi, cha jukwaani ni cha kujisikilizia wewe na mpiga ngoma, kiwe kidogo.

"Inchi 15 ndizo za besi nzito, inchi 10 ni za mtindo wa kupiga nyuzi makofi"

Upana wa koni peke yake hauelezi sauti. Kinachoamua ni spika na boksi kwa pamoja: ujazo wa boksi, kama limefungwa kabisa au lina tundu la hewa, na umbali ambao koni inaweza kusafiri bila kukwama. Ampeg SVT-810E, boksi maarufu la spika nane za inchi 10, kwa takwimu za kiwanda limeshapungua desibeli 3 likifika hezi 58 (hezi ni mitetemo kwa sekunde). Nyuzi ya E ya besi ni hezi 41. Hata hivyo hakuna anayeliita boksi hilo jepesi. Kwenye besi ya umeme mlio wa pili wa nyuzi hiyo, hezi 82, mara nyingi una nguvu kuliko wa kwanza, na sikio likishasikia ile ya juu linaijaza ya chini lenyewe.

Kuna sheria ya fizikia ambayo hakuna kiwanda kinachoikwepa: boksi dogo, besi inayoshuka sana na unyeti mkubwa, chagua viwili. Boksi dogo linalodai linashuka hadi hezi 35 litakuwa limelipia kwa unyeti, na wewe utalipia kwa wati.

"Sauti ya besi inahitaji mita kadhaa ili ijitengeneze"

Dhana hii ina mizizi kwa sababu kila mtu ameliona tukio lenyewe: aliye jukwaani haisikii besi, aliye nyuma ya ukumbi inamzidi. Wimbi la hezi 41 lina urefu wa mita 8.3, basi watu husema linahitaji mita nane kukamilika. Si kweli. Vipaza vya masikioni viko sentimita moja kutoka kwenye ngoma ya sikio na besi inasikika.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, boksi liko sakafuni, mpigaji amesimama mita moja mbele yake, na sauti za kati na za juu zinazompa alama ya noti zinapita kwenye magoti. Anaongeza sauti, wa nyuma ya ukumbi wanaumia. Dawa ni kuinua boksi juu ya kiti imara au kreti, au kuliegemeza nyuma hadi lielekee kichwani. Boksi la spika mbili lisimamishwe wima, spika moja juu ya nyingine. Likilazwa, sauti za juu zinabanwa kwa upana na wanaokaa pembeni wanazikosa.

Sababu ya pili ni kuta. Ukuta ulio nyuma ya boksi unarudisha sauti za chini, na sauti iliyorudi inaweza kuja kinyume na ile inayotoka ikaifuta. Masafa yanayofutwa unayapata kwa kugawa 343 kwa umbali wa mita kutoka mbele ya spika hadi ukutani, kisha kugawa kwa 4. Umbali wa mita 1 unafuta karibu na hezi 86, katikati ya kazi yote ya besi. Sentimita 40 zinapeleka tobo hilo hezi 214, ambako haliumizi sana. Kwa hiyo boksi lisogezwe karibu kabisa na ukuta, likiacha nafasi ya waya na ya tundu la hewa kama liko nyuma. Kona huongeza sauti za chini zaidi, lakini kwenye chumba cha zege zinavuma, basi usiitumie hadi umeisikiliza. Kabla ya watu kuingia, mpe mtu gitaa, utembee mwenyewe hadi mlangoni na kurudi. Utakuta sehemu ambazo noti moja inanguruma na jirani yake imetoweka. Hilo ni umbo la chumba, na hakuna nobu ya kulimaliza kila mahali.

"Ukiunganisha boksi la pili kupitia la kwanza, omu hazibadiliki"

Zinabadilika. Tundu la pili la waya nyuma ya boksi limeunganishwa sambamba na la kwanza, kwa hiyo ni sawa na kutoa waya mbili kwenye amplifaya. Omu 8 na omu 8 zinakuwa 4. Omu 4 na 4 zinakuwa 2. Omu 8 na 4 zinakuwa 2.67, na boksi la omu 4 linameza theluthi mbili za nguvu yote.

Nyuma ya amplifaya ya transista kumeandikwa kiwango cha chini, kwa kawaida omu 4. Ukishuka chini yake mkondo unazidi, chombo kinapata joto na kujizima katikati ya wimbo, au kinaungua kama hakina kinga. Kwenda juu hakuna hatari, unapoteza nguvu tu, na nyingi zinaweza kuwashwa hata bila spika. Amplifaya za valvu ni kinyume: swichi ya omu ilingane na boksi, na kamwe zisipigwe bila spika, kwa sababu transfoma ya kutolea inaungua. Na kabla ya kuongeza boksi kwenye amplifaya yenye spika ndani, jua spika hiyo ni ya omu ngapi. Ikiwa ni 4 na kiwango cha chini ni 4, nafasi imekwisha.

Boksi lisilo na maandishi pima kwa mita ya fundi, waya ukiwa umetolewa kwenye amplifaya. La omu 8 litaonesha kati ya 5.5 na 7, la omu 4 karibu 3 hadi 3.5. Sifuri ni shoti. Mita isiposoma kitu, koili ya spika (waya uliozungushwa unaosukuma koni) au waya umekatika.

Spika iliyotoka kwa fundi ipimwe pia mwelekeo. Gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwa chanya: koni inapaswa kutoka nje. Ikiingia ndani huku ya boksi la jirani ikitoka, zinafutana, na maboksi mawili yatatoa besi ndogo kuliko moja.

"Waya wa gitaa na waya wa spika ni kitu kimoja, plagi zinafanana"

Plagi zinafanana, ndani hapana. Waya wa gitaa una uzi mwembamba katikati uliozungukwa na kinga ya kuzuia muungurumo. Ukipitisha wati 300 humo unapata joto, unaweza kuyeyuka na kupiga shoti. Waya wa spika una nyuzi mbili nene zinazolingana, milimita za mraba 1.5 kwa mita moja au mbili, 2.5 kwa zaidi ya hapo. Plagi za Speakon ni bora kwa kuwa zinajifunga kwa kuzungushwa, na pini zake haziguswi.

"Amplifaya ndogo inaunguza spika kubwa"

Koili inaungua kwa joto, na joto linatokana na nguvu iliyoingia. Amplifaya ya wati 100 ikisukumwa hadi sauti ipasuke kabisa inaweza kukaribia wati 200. Boksi la wati 400 halitalijali hilo. Anayeweza kuumia ni twita, spika ndogo ya sauti za juu, kwa sababu sauti iliyopasuka imejaa masafa ya juu, basi ipunguze kwa nobu yake au uizime.

Spika nyingi za besi zinakufa kwa njia nyingine: kuongezwa sauti za chini. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni za joto. Kwa hezi 40 koni inaweza kufika mwisho wa safari yake kwa nusu ya wati hizo au chini zaidi, kwa kuwa kila unaposhuka oktavu moja kwa sauti ile ile, koni inabidi isafiri mara nne. Ukizungusha nobu ya chini hadi desibeli 12 juu, umeiomba amplifaya nguvu mara 16 kwenye masafa hayo. Dalili ni mlio wa kukoroma au tok-tok kwenye noti za chini. Ukiusikia, punguza sauti za chini papo hapo. Kama amplifaya ina kichujio cha kukata sauti za chini, kiweke hezi 35 au 40 ukiache hapo. Noti hazitapotea.

Na mtindo wa kuinua chini na juu huku katikati kukizamishwa unapendeza ukiwa peke yako chumbani. Bendi ikianza, besi inatoweka, kwa sababu ngoma kubwa imeshika chini na sahani za ngoma zimeshika juu. Nafasi ya besi iko kati ya hezi 250 na 800. Anza na nobu zote katikati, piga kwa nguvu utakayotumia jukwaani, pandisha geini (nobu ya nguvu ya sauti inayoingia) hadi taa nyekundu iwake kidogo kwenye noti nzito, irudishe nyuma kidogo, kisha fungua sauti kuu. Wasipokusikia, ongeza katikati desibeli 3 kabla ya kugusa kitu kingine.

"Kata pini ya ethi, muungurumo utaisha"

Utaisha, na unaweza kuondoka na mtu. Chombo kikipata hitilafu ndani, bila ethi umeme unafika kwenye nyuzi za gitaa. Mpigaji anayeimba anagusa maikrofoni kwa midomo huku mkono uko kwenye nyuzi, na mkondo unapita kifuani. Muungurumo mwingi unatokea pale amplifaya na mikisa zinapokuwa zimeunganishwa kwa soketi mbili za mbali na pia kwa waya wa sauti. Lisha vyote kutoka soketi moja yenye ethi. Usipoisha, tumia boksi la DI, kiunganishi kidogo kati ya chombo na mikisa, na ubonyeze swichi yake ya kukata ethi ya waya wa sauti. Ethi ya umeme ibaki.

"Mtumba wa Marekani unafanya kazi, badilisha plagi tu"

Soma bamba la nyuma. Likisema volti 120 pekee, ukiichomeka kwenye 230 au 240 zetu kama fyuzi itaiokoa ni bahati tu. Inahitaji transfoma ya kushusha. Zidisha volti kwa ampea zilizoandikwa: 120 kwa 5 ni VA 600, basi nunua ya VA 750 au 1000, na uhakikishe kwa mita kwamba ethi inapita kutoka plagi hadi soketi yake, kwa sababu nyingi za bei rahisi haziipitishi. Transfoma haibadilishi hezi. Bamba lenye "50/60 Hz" ni salama, lenye 60 peke yake linaweza kuifanya transfoma ya ndani ipate joto. Kama kuna swichi ya volti, iweke sawa kabla ya kuchomeka, na kwenye jenereta pima volti wakati taa na mitambo mingine imeshawashwa, si kabla.